Baiskeli ya zamani ya Peugeot: utajuaje bei yake halali?

Jina la Peugeot kwenye fremu pekee halikuambii bei. Miaka ya 1970 kampuni hiyo ya Ufaransa iliuza baiskeli nyingi mno, na nyingi zilikuwa za kawaida tu.

Tazama stika kwenye bomba la chini ya siti. Ikiwa ni Reynolds 531, hicho ni chuma chepesi cha Uingereza, kilichotumika kwenye PX-10, baiskeli ya mbio. UO-8 inafanana nayo ukiwa mbali, ila ni nzito na bei yake iko chini. Stika hubandikwa upya, kwa hiyo inyanyue mwenyewe.

Kinachowaliza wanunuzi ni vipimo. Wafaransa walikuwa na vyao: shingo ya usukani ni milimita 22.0 badala ya 22.2 zilizozoeleka, pedeli zina skrubu ya milimita 14, na vikombe vya beringi za katikati mara nyingi hukazwa kulia pande zote mbili. Spea ya dukani haiingii. Ndiyo maana baiskeli chakavu yenye vifaa vyake vyote inaishinda fremu tupu inayong'aa.

Gia za Simplex zina sehemu za plastiki, kagua nyufa.

Halafu mwambie muuzaji apandishe siti na alegeze usukani mbele yako. Vikiwa vimeganda, usilipe bei ya baiskeli nzima. Rangi iliyochubuka isikutishe, wakusanyaji wanaipenda ya asili.