Injekta Nne za Baba

Gari la baba lilianza kunuka petroli Januari. Si harufu kubwa. Ni ile unasikia ukifungua boneti asubuhi, kisha unajiambia labda ni jirani amewasha jenereta. Ni Celica GT-Four ya 1992, injini ya lita mbili yenye turbo, na baba aliinunua kwa sababu moja tu: mwaka wa 1993 Celica zilishika nafasi nne za kwanza katika Safari Rally, Juha Kankkunen akiwa mbele, naye baba alikuwa kando ya barabara akila vumbi lao. Mimi sikuwa nimezaliwa. Gari nimelirithi, vumbi nimesimuliwa.

Fundi wangu yuko Kirinyaga Road, ambako wengi bado tunaita Grogan. Aliinama, akanusa, akasema, "Kijana, hizi injekta ni zile zilitoka nazo kiwandani. Zimekushinda umri." Seti mpya ni shilingi 36,000. Pesa hizo nilikuwa nazo, ila nilikuwa nimeziweka za kurudi chuo, nilichoacha nikiwa mwaka wa tatu.

Nikafanya kile nafanyanga nikiogopa kuamua: nikaanza kusoma historia.

Kabureta huacha injini inyonye petroli yenyewe, kama mtu na mrija. Injekta huisukuma kwa kipimo. Tofauti hiyo iliwatesa Waingereza angani mwaka wa 1940. Rubani wa Spitfire akiinamisha pua ya ndege ghafla, kabureta ilivurugika na injini ikakohoa, huku Messerschmitt ya Mjerumani, inayodungwa petroli moja kwa moja, ikiteremka zake bila shida. Ilibidi mhandisi Beatrice Shilling abuni kidude chenye tundu ili kupunguza balaa hilo. Baada ya vita ujuzi ule ukashuka barabarani, na Mercedes-Benz 300 SL ya 1954 ndiyo iliyoupa jina. Huku kwetu haukuchelewa sana. John Manussis alishinda East African Safari ya 1961 kwa Mercedes 220 SE, na ile E ni ya neno la Kijerumani Einspritzung. Kudunga, kama sindano.

Mwaka wa 1967 Bosch walileta mfumo wa umeme kwenye Volkswagen zilizoenda Marekani, ambako California ilikuwa inabana moshi wa magari. Ukoo wa Celica ya baba ni huo: injekta ni vali ndogo ya umeme, kompyuta inaifungua kwa milisekunde chache, inaifunga. Lakini kompyuta inahesabu muda tu. Haioni ni matone mangapi yametoka. Kuna sensa kwenye bomba la moshi, ndio, ila hiyo inaonja moshi wa silinda zote nne ukishachanganyika. Silinda moja ikifa njaa, inajificha katikati ya wenzake walioshiba.

Sasa injekta inazeeka vipi? Wengi watakuambia kilomita. Mimi nadhani za Nairobi zihesabiwe kwanza kwa kile zilinyweshwa. Hata mwaka wa 2005 vituo vyetu vilikuwa bado vinauza petroli yenye risasi, na risasi huua hiyo sensa niliyoitaja. Halafu kukaja mchezo wa kuchanganya petroli na mafuta ya taa, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa bei rahisi. Mchezo ulikua hadi mwaka wa 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, na jina la tozo lenyewe likataja uchakachuaji. Aliyeumia ni mama anayepikia stovu. Gari letu lilipita miaka hiyo yote, na baba hakuwa mtu wa kuuliza kituo kina sifa gani. Alijaza pale foleni ni fupi.

Mpira nao hauna habari ya kilomita. Zile pete za mpira zinazoziba injekta hukauka hata gari likiwa limelala, na petroli ikivuja juu ya injini moto, unajua kinachofuata. Hapo sikuhitaji historia. Pete zilibadilishwa siku hiyo hiyo, na harufu ikaisha.

Zilibaki injekta zenyewe. Fundi alizifunga kwenye mashine yenye mirija minne ya kioo, akaziendesha pamoja. Tatu zilijaza mililita 70. Ya tatu kutoka kushoto ilifika 58. Akaziosha kwa mashine ya mitetemo, akarudia: 66. Mnyunyizo wake ulikuwa bado umepinda.

"Gari la kwenda kanisani ningekuambia rudisha," alisema. Kisha akanionyesha pistoni anayowekea nati mezani. Ilikuwa na tundu lililoyeyuka, unapitisha kidole. Turbo ikisukuma hewa nyingi na petroli ikapungua, moto unazidi, na aluminiamu haivumilii. Kuna injekta za mtumba kutoka Japani, elfu tisa seti nzima, nikauliza. "Hizo ni rika ya hizi zako. Utanunua miaka ya mtu mwingine." Kununua moja mpya pia alikataa, alitaka nne zenye kipimo kimoja.

"Mzee, nikingoja hadi Desemba?"

"Ngoja. Lakini usiikanyage."

Nilijaribu wiki mbili. Kwenye mteremko wa kuingia Mai Mahiu nilikuwa mpole kama dereva wa jeneza. Wakati wa kurudi, kwenye mlima, lori likanibana nyuma, mguu ukaenda wenyewe, na turbo ikaimba vile baba alikuwa akiiga kwa mdomo. Nikauachia mara moja. Jumatatu nikalipa.

Zile za zamani ziko kwenye mkebe wa Blue Band chini ya kitanda, ya tatu nimeifunga uzi mwekundu. Chuo kinafungua Septemba. Nimebaki na shilingi 9,400.