Masjala: Nani Aliruhusiwa Kushika Jalada?

Wasomaji wetu, wengi wetu hapa Annandale tulilijua neno "faili" tangu nyumbani, lakini "jalada" na "masjala" tulikutana nayo darasani. Masjala ni chumba cha ofisi ya serikali ambamo majalada hufunguliwa, hupewa namba, hutolewa na kurudishwa. Neno hili lina undugu na "sajili" na "msajili", na asili yao ni Kiarabu. Anayefanya kazi humo ni karani, na mafunzo yake yana historia nzito.

Mwaka 1961, uhuru wa Kenya ukikaribia, serikali ya kikoloni ilianza kutenga nyaraka zake. Zile ambazo serikali mpya haikutakiwa kuziona zilitiwa alama ya W, na maofisa wa asili ya Ulaya peke yao ndio walioruhusiwa kuzishika. Karani Mwafrika alifungiwa mlango. Nyingine zilichomwa moto, nyingine zikapelekwa Uingereza.

Mwaka 2009 wazee wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyopata kizuizini. Kesi hiyo ndiyo iliyoyafichua majalada: mwaka 2011 Uingereza ilikiri kwamba yapo Hanslope Park, yale ya Kenya yakiwa kama 1,500. Mwaka 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, fidia na gharama za kesi, kwa ajili ya Wakenya 5,228.

Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria za nyaraka mwaka 1965. Lakini sheria haipangi majalada. Mtu ndiye anayepanga. Tanzania ilitunga sheria mpya ya kumbukumbu na nyaraka mwaka 2002, na Chuo cha Utumishi wa Umma hufundisha utunzaji wa kumbukumbu. Karani mzuri huandika barua kwenye rejista siku inapoingia, na hujua jalada liko mezani kwa nani. Hata kuteketeza kuna utaratibu: muda uliowekwa, kibali, na orodha ya kilichoteketezwa. Moto wa wakoloni ulikusudiwa usiache maswali.

Sisi tulio mbali tunamhitaji karani huyo pia. Ofisi za Marekani zikitaka cheti cha kuzaliwa cha mama, jibu liko kwenye rejista ya wilaya alikozaliwa. Tunaomba klabu yetu imkumbuke anayeitunza, maana bila yeye hata wanahistoria hawana pa kuanzia.