Daftari la Kifunguamimba: Charles Darwin Alipokuwa Baba kwa Mara ya Kwanza

Wazee walinena kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii twaifundisha mwaka baada ya mwaka, na hapana mwanafunzi asiyeijua. Lakini ni mara chache tunapojiuliza kazi hiyo humfanyia nini yule anayeishika kwa mara ya kwanza: saa zake za kusoma huenda wapi, burudani zake za jioni huwaje, na fikira zake hugeukia upande gani. Vitabu vya historia navyo havitusaidii sana. Vyasimulia vita, safari na uvumbuzi. Kilio cha mtoto usiku wa manane hakimo. Kwa hiyo nimependa kuwaletea wasomaji habari za mtu mmoja ambaye alikiandika kilio hicho daftarini, pamoja na chafya, kicheko na neno la kwanza. Na katika daftari hilo mna jambo linalotuhusu sana sisi walimu wa lugha.

Mtu huyo ni Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1809. Tarehe 27 Desemba 1831 aling'oa nanga katika merikebu iitwayo Beagle, akazunguka dunia, akarejea kwao mwezi wa Oktoba 1836. Katikati ya mwaka 1838, akiwa na umri wa miaka 29 na hana mke, alitwaa karatasi akaigawa sehemu mbili: faida za kuoa, na faida za kutooa. Upande mmoja aliweka watoto, mwenzi wa maisha, muziki na nyumba yenye mtu wa kuitunza. Upande wa pili aliweka hofu zake: kupotewa na wakati, kukosa kusoma jioni, kupungukiwa na fedha za kununua vitabu, na mashaka ya kubeba jukumu. Hapana shaka karatasi hiyo inachekesha. Hata hivyo, ni vijana wangapi wenye kupenda kazi zao ambao hawajaiandika karatasi kama hiyo mioyoni mwao?

Aliamua kuoa. Tarehe 29 Januari 1839 alifunga ndoa na binti wa mjomba wake, Emma Wedgwood, mpigaji piano hodari. Wakakaa London, katika nyumba ya mtaa wa Upper Gower ambayo rangi zake zilikuwa kali mno hata wakaipa kwa mzaha jina la kasuku mkubwa wa Amerika. Na tarehe 27 Desemba 1839, miaka minane kamili tangu siku ile ya kung'oa nanga, akazaliwa kifunguamimba wao, William. Safari ya pili ikaanza, na msafiri akafungua daftari kama alivyofanya katika ile ya kwanza.

Katika juma la kwanza aliandika kuwa mtoto apiga chafya, ana kwikwi, apiga miayo, ajinyoosha, anyonya na kulia. Siku ya saba aligusa wayo wake kwa kipande cha karatasi, na mtoto akauvuta mguu kwa ghafula huku akikunja vidole. Siku ya tisa macho yake yalikaza kwenye mwanga wa mshumaa; hadi siku ya 45 hapakuwa na kitu kingine kilichoyavuta hivyo. Siku ya 66 baba alipiga chafya, na mtoto akashtuka vibaya, akalia, akawa na wasiwasi kwa muda wa saa nzima. Baadaye, alipokuwa na umri wa miezi minne hivi, alizoea kuchekeshwa na baba yake kwa kelele za ajabuajabu. Lakini siku moja baba akajifanya kukoroma, na kelele hiyo mpya ikamtoa machozi. Siku mbili tatu baadaye baba alisahau, akakoroma tena, na machozi yakarudi. Katika mistari hiyo mtaalamu na mzazi mgeni, asiyejua bado lipi litamchekesha mwanawe na lipi litamliza, ni mtu mmoja.

Liko pia jambo la mkono. Mtoto alipokuwa na siku 77 alishika chupa ya maziwa kwa mkono wa kulia, na baba akadhani amepata kanuni. Mtoto alipokua akawa mashoto, kama mama yake na babu yake. Kila mzazi atakubali kuwa watoto wana tabia ya kuzivunja kanuni zetu mara tu tunapozitangaza.

Sasa tufike kwenye neno. Alipotimiza mwaka mmoja kamili, William alijitungia neno lake mwenyewe, nalo ni mum. Hakulisikia kwa mtu, wala baba yake hakutambua lilikotoka. Maana yake ilikuwa chakula. Mwanzoni lilifanya kazi ya kitenzi cha kuamuru: nipe chakula. Badala ya kulia kwa njaa, mtoto akawa anasema mum. Kisha likawa nomino ya kutaja vitu vingi viliwavyo, na mtoto akaanza kuliunganisha: sukari akaiita shu-mum, kwa kutanguliza mwanzo wa neno la Kiingereza alilolisikia; na alipojifunza neno black, yaani rangi nyeusi, akaiita peremende ya urukususu black-shu-mum. Tazameni, walimu wenzangu, mtoto asiyejua hata kusema sentensi ameunda neno la sehemu tatu lenye mpango, kama lugha yetu ilivyounganisha kufungua na mimba ikapata kifunguamimba. Hakufundishwa sarufi hiyo na mtu yeyote.

Jambo jingine lilimvutia Darwin zaidi. Mtoto alipoomba chakula kwa neno hilo alilimalizia kwa sauti ya kuuliza, yenye kupanda mwishoni. Na huko nyuma, miezi mitano kabla ya kutamka mum, alikwisha kulielewa jina la yaya wake. Kwa hiyo sikio lilitangulia ulimi, na mahadhi ya sauti yakatangulia maneno. Sisi wa Kiswahili hatuna haja ya kuambiwa mara mbili. Tofauti kati ya kusema "Umekula" na kuuliza "Umekula?" haimo katika neno lolote, imo katika sauti tu. Nasi katika nchi hizi aghalabu twafundisha watoto ambao Kiswahili si lugha waliyoinyonya kwa mama. Mtoto akikaa kimya kipindi kizima twamwandikia alama mbaya, kana kwamba asiyesema hajui. Pengine yumo katika ile miezi mitano.

Yatupasa tuwe waadilifu, tusimpambe baba huyu kupita kiasi. Aliweza kukaa na daftari kwa sababu wengine walikuwa na kazi mikononi. Nyumba ilikuwa na yaya na watumishi, na fedha za familia zilitosha. Emma alizaa watoto kumi baina ya mwaka 1839 na 1856. Tukihesabu mimba na kunyonyesha, twaona kuwa muda ambao Charles alihofia kuupoteza, mkewe ndiye aliyeutoa. Hata hivyo katika daftari hilo, ambalo liliendelezwa hadi mwaka 1856, yamo maandishi ya mkono wa Emma pia, akinukuu semi za wanawe. Kazi ya kutazama haikubaki ya baba peke yake.

Mwezi wa Septemba 1842 walihamia kijiji cha Down, kusini ya London. Huko ile karatasi ya mwaka 1838 ilithibitika kuwa na kosa, maana hofu zake hazikutimia kama zilivyoandikwa. Darwin alisoma, na jioni Emma alipiga piano. Mume na mke walicheza mchezo wa ubao na dadu usiku baada ya usiku, na hesabu ya washindi ikaandikwa kwa uaminifu: mwaka 1876 Charles alijivunia kwa rafiki yake wa Marekani kwamba ameshinda mara 2,795 na mkewe mara 2,490. Watoto waliteleza kwenye ngazi za nyumba kwa ubao, wakamsaidia baba yao kufuatilia njia za nyuki bambi bustanini, na baadhi ya kurasa za mswada wa kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya spishi zimesalia hadi leo zikiwa na michoro ya watoto nyuma yake. Kazi, burudani na malezi viliingiliana kama nyuzi za mkeka.

Lakini hasara kubwa ya mzazi haikuwamo katika karatasi ile hata kidogo. Mtoto wa tatu, Mary, aliyezaliwa baada tu ya kuhamia Down, aliishi siku 23. Annie, wa pili, aliugua, na tarehe 23 Aprili 1851 akafariki katika mji wa Malvern alikopelekwa kutibiwa, akiwa na miaka kumi. Baba alikuwa kando yake. Mama, mjamzito wa miezi minane, alibaki nyumbani akingoja barua. Juma moja baadaye Darwin aliketi akaandika kumbukumbu za binti huyo: uso wake, mwendo wake, furaha yake. Yule aliyekuwa akiandika ili ajue, safari hii aliandika ili asisahau. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Daftari la William lilikaa miaka 37. Mwanachuoni Mfaransa, Hippolyte Taine, alipochapisha habari za mtoto wake alivyojifunza kusema, Darwin alilifungua tena, na mwezi wa Julai 1877 akachapisha makala mafupi katika jarida la Kiingereza liitwalo Mind. William wakati huo alikuwa mtu mzima, mwenye benki katika mji wa Southampton. Neno lake la utotoni likasomwa na wataalamu, na leo makala hayo huhesabiwa miongoni mwa yaliyofungua njia ya elimu ya makuzi ya mtoto.

Walimu wengi wasomao kurasa hizi ni wazazi, au watakuwa wazazi. Nyumba zetu zina lugha mbili au tatu, na kila siku mtoto fulani hutunga neno ambalo halimo katika kamusi yoyote: nusu yake ya bibi, nusu yake ya shuleni. Neno hilo hudumu mwezi mmoja, familia ikalicheka, kisha likapotea. Daftari la mazoezi lenye tarehe latosha kulihifadhi. Tuanze na la mtoto wa kwanza tutakayemsikia.