Korongo wa Masika na Viwavijeshi

Ndugu mkulima wa Mbulumbulu, masika yanapoanza, mwezi wa Machi, tupia jicho malisho na mahindi yako machanga. Ukibahatika utaona ndege wakubwa weupe, mbawa zina weusi nchani, mdomo na miguu ni myekundu, wanatembea taratibu kama wakaguzi. Hao ni korongo weupe. Si wenyeji. Wako safarini kurudi Ulaya kuzaa.

Je, watu walijuaje habari hiyo? Zamani hata wataalamu wa Ulaya hawakujua ndege wao wanakwenda wapi wakati wa baridi. Wengine walidai eti mbayuwayu hulala matopeni chini ya maziwa! Basi, mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, akapigwa risasi korongo mmoja aliyekuwa na mshale mrefu wa Kiafrika umepenya shingoni. Alikuwa ameruka nao kutoka huku kwetu Afrika. Alikaushwa, na mpaka leo anahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, akaanza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba. Wengine wakamfuata, na pete zilizookotwa Afrika zikaonyesha njia. Korongo wa Ulaya ya mashariki hupita Uturuki, hufuata mto Nile, hufika Afrika Mashariki, na wengi huendelea mpaka Afrika Kusini. Ni safari ya kilomita kama 10,000 kwenda tu.

Sasa utauliza: bwana shamba, hayo yananihusu nini? Yanakuhusu sana. Korongo hali nafaka. Chakula chake ni panzi, nzige, panya na viwavijeshi. Usimchanganye na kwelea kwelea: huyo hatoki Ulaya, ni wa hapa hapa Afrika, na ndiye mwizi wa ngano yako.

Kwa hiyo ukiona korongo wamekusanyika mahali pamoja, usiwafukuze. Nenda ukainame hapo, ufunue majani. Huenda wamewaona viwavijeshi kabla yako. Wadudu hao hushambulia mahindi, ngano, mtama na majani ya malisho. Maharage na mbaazi kwa kawaida huyaacha. Ukiwakuta, mwite bwana shamba siku hiyo hiyo, maana dawa hufaa wakiwa bado wadogo. Wakishakuwa wakubwa na kukaribia kuingia ardhini, kunyunyiza ni kutupa fedha.

Tena kumbuka: korongo akila kiwavi chenye sumu, naye hudhurika. Nyunyiza palipo na wadudu tu, na kwa kipimo ulichoelekezwa. Ndege huyu hakudai mshahara. Tusimlipe kwa sumu.