Tuseme Sawa: Mbegu, pingili, marando

Siku hizi kila kinachopandwa kinaitwa "mbegu". Neno hili la Kibantu, ndugu wa "mbeu" ya Kinyanja, ni la punje itokayo kwenye tunda. Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, mkulima wa muhogo hapandi punje. Anakata shina na kupanda pingili. Kiazi kitamu kina marando. Stroberi hutoa kikamba kinachotambaa; kifundo chake kikigusa udongo huota mizizi, nawe umepata mche.

Tofauti hii si ya madaftari tu. Pingili ni kipande cha mama yake: muhogo ukiwa na ugonjwa wa batobato, unapanda batobato. Basi ukienda kununua, sema "pingili", na uombe kwanza kuliona shamba zilikokatwa.