Kani tokeo

kani tokeo nm [i-/zi-] (Fizikia) Kani moja ambayo peke yake ingeleta athari ileile inayoletwa na kani kadhaa zinazotenda kwa pamoja katika nukta moja.

Neno kuu la istilahi hii ni *kani*, na upatanisho wa kisarufi hulifuata hilo: *kani tokeo hii*, si *kani tokeo hili*. Katika lugha ya kawaida *kani* ni nguvu au ukaidi, kama katika *kushika kani*. Fizikia imelitwaa kwa maana finyu zaidi. Mfasiri anayeandika *nguvu* mahali pa *kani* hueleweka, lakini hukwama matini inapotaja pia *nguvu za farasi* za injini, ambazo si kani hata kidogo.

Wapo wanaopendelea *jumla ya kani*. Si kosa, ila ina mtego. Kilo 2 za mchele zikiongezwa kilo 3 huwa kilo 5 daima, kwa kuwa uzani wa sokoni hauulizi uelekeo. Kani ni vekta: ina ukubwa na uelekeo. Tuseme ngalawa inavutwa kwa kamba tatu: nyutoni 400 kuelekea mashariki, nyutoni 300 kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka mashariki kuelekea kaskazini, na nyutoni 200 kwa nyuzi 30 kutoka magharibi kuelekea kusini. Mwanafunzi aliyesoma *jumla* atajibu 900, naye atakuwa amekosea kwa zaidi ya maradufu.

Njia iliyo salama ni kuigawa kila kani katika *vijenzi* viwili, kimoja kwenye mhimili wa mashariki na kingine kwenye mhimili wa kaskazini. Kijenzi cha mashariki ni ukubwa mara kosini ya pembe. Cha kaskazini ni ukubwa mara sini yake. Kani ya kwanza inatoa 400 na 0. Ya pili 150 na 259.8, ya tatu, kwa kuwa inavuta upande wa pili, −173.2 na −100. Hapo sasa kujumlisha kwa kawaida kunaruhusiwa, maana vijenzi vya mhimili mmoja viko kwenye mstari mmoja: 376.8 mashariki na 159.8 kaskazini. Kwa kanuni ya Pythagoras, kani tokeo ni takriban nyutoni 409. Tanjenti ya pembe yake ni 159.8 kugawanya kwa 376.8, yaani karibu nyuzi 23.

Uelekeo huo uandikwe kwa ukamilifu: *nyuzi 23 kutoka mashariki kuelekea kaskazini*. Kuandika *kaskazini-mashariki* tu ni kumpa msomaji nyuzi 45. Kikokotoo nacho hakijui robo ya duara inayohusika. Kijenzi cha mashariki kikiwa hasi, nyuzi 180 huongezwa kwenye pembe kinayoitoa.

Kwa *kijenzi*, baadhi ya matini hutumia *kipengele*, neno lililokwisha kuchoshwa na kazi nyingine, au *kiambajengo*, ambalo wanasarufi wanalihitaji kwa vijenzi vya sentensi. Vijenzi vya mihimili yote miwili vikijumlishwa kuwa sufuri, kani tokeo ni sufuri, na kani hizo huitwa *kani zilizo katika msawazo*, hata kama kila moja ni kubwa kiasi cha kukata kamba.