Jinzi na Magadi ya Bogoria

Wageni wengi wanaokwenda chemchemi za Loburu, kando ya Ziwa Bogoria, hubeba mayai mabichi. Huyatumbukiza katika maji yanayotokota, wakasubiri dakika kadhaa, wakayaopoa yameiva. Ute wa yai umejaa protini. Joto likiupata, protini hizo hufumuka, hung'ang'aniana na kuganda. Lakini maji hayohayo yana bakteria ambao protini zao haziivi.

Hata pasipo na moto, maji ya maziwa ya Bogoria na Nakuru, nchini Kenya, ni magadi makali, pH yake ni kama 10. Vimeng'enya ambavyo bakteria wa huko huvitoa nje ya seli zao vimekunjwa imara vya kutosha kuyahimili, na bado hunyumbuka: vikamate kitu, vikikate, vikiachie. Kimeng'enya kikikakamaa hakikati chochote. Kikilegea mno hakishiki.

Kwa miaka mingi sifa zote za maziwa haya zilikwenda kwa heroe. Nakuru likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Bogoria, ambalo Wazungu waliliita Hannington kwa jina la askofu aliyepita hapo mwaka 1885 na kuuawa Busoga mwaka huohuo, lilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1973, na Waendorois, wenyeji wa kandokando ya ziwa hilo, wakaondolewa. Tope lenye bakteria halikuwa na mshabiki.

Kumbe wenye darubini walishalitolea macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kigeni walichukua sampuli, na kampuni ya Marekani, Genencor, ikapata humo kimeng'enya kinachokula selulosi, ndiyo nyuzi za pamba. Kazi yake? Kuchujusha jinzi. Awali viwanda vilizungusha suruali mashineni pamoja na mawe mepesi ya volkano, mawe yaliyozichakaza mashine zenyewe. Huenda baadhi ya suruali zilizochujushwa kwa kimeng'enya hicho zilifika Nakuru ndani ya marobota ya mitumba.

Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilidai kwamba vijidudu hivyo vilichukuliwa bila idhini yake. Kampuni ikakana kosa. Mwaka 2007 KWS ikafunga mkataba wa utafiti wa vijidudu na Novozymes ya Denmark. Safari hii karatasi zilitangulia sampuli.

Waendorois nao walikuwa na kesi yao. Februari 2010 Umoja wa Afrika uliidhinisha uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu: warudishiwe ardhi yao, wafidiwe, na walipwe mrabaha wa shughuli za kiuchumi zinazoendelea kandokando ya Bogoria.